Mrejesho: Tumeenda kula chakula cha Kimeksiko Dodoma

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliomba ushauri hapa: tuko marafiki sita, mmoja hali nguruwe, mwingine hawezi pilipili, je, ule mgahawa wa Kimeksiko uliofunguliwa mtaani kwetu Kisasa utatufaa? Asanteni wote mlionijibu. Tumeenda Jumamosi usiku.

Palijaa! Aliyeniambia niwahi kabla ya saa moja alisema kweli. Sisi tulifika saa mbili, tukasubiri meza karibu nusu saa.

Tako ndiyo iliyonikamata. Ni kama chapati ndogo ya mahindi, inakunjwa na nyama, vitunguu, majani ya giligilani, halafu unakamulia ndimu. Mhudumu alitueleza kwamba mahindi huchemshwa kwanza na chokaa, yakalala humo usiku kucha, ndipo yasagwe. Ndiyo maana unga wake unashikana bila ngano, na harufu yake si ya ugali wetu kabisa. Na mahindi haya tunayoyaona ya kwetu, asili yake ni huko huko Meksiko!

Pilipili huletwa pembeni, kwa hiyo rafiki yetu alikula kwa amani, akamaliza bakuli zima la gwakamole, yaani parachichi la kupondwa.

Kuhusu nguruwe, ulizeni kabla ya kuagiza. Maharage ya kupondwa, kwa desturi ya Kimeksiko, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tulipouliza, wakatupikia kwa mafuta ya alizeti.

Bili tuligawana sawa. Mwezi ujao tunarudi, na safari hii tumeshaweka meza mapema.