Kikundi chetu cha kusoma kinamegeka kwa uchama. Nipige marufuku siasa?

Karanga za Area D:
Wakuu, habari za jioni. Mwaka wa nne sasa naratibu kikundi cha kusoma na kujadili hapa Dodoma. Tuko kama ishirini: walimu, watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba, vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wakulima wawili wa zabibu wa Hombolo. Tumejadili Azimio la Arusha, tumejadili uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Tulikuwa tunabishana hadi giza linaingia, kisha tunasindikizana.

Mwezi uliopita tuliweka rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba kando ya Katiba Inayopendekezwa ya 2014. Nilitaka tuulizane kwa nini rasimu ilipendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), halafu Bunge Maalumu, lililokaa hapahapa mjini kwetu, likabaki na mbili. Dakika kumi hazijaisha, hoja ikaachwa, ikawa "wewe tunakujua ni wa chama gani". Mwalimu mmoja alisoma ibara neno kwa neno, akaambiwa katumwa. Dada mmoja mhasibu, msomaji wetu makini kuliko wote, hajarudi tangu siku hiyo. Nimempigia, anasema amechoka tu. Imeniuma sana.

Nusu ya wenzangu wanataka siasa ifutwe kabisa. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kizota:
Futa, kijana wangu. Kikundi chetu kilikufa kwenye uchaguzi wa 2015. Watu walioazimana vitabu miaka mingi wakafika mahali hawasalimiani msibani.

Mjukuu wa Kondoa:
Shikamoo mzee. Hapo naomba nikupinge. Dodoma hii utajadili nini kisicho siasa? Maji ni siasa, bei ya zabibu ni siasa. Mkifuta, mtabaki na mada zisizomsumbua mwenye madaraka, na huo nao ni upande.

Sisi tuliweka sharti moja: kabla hujampinga mtu, eleza hoja yake mpaka mwenyewe akiri "ndivyo nilivyosema". Wiki za mwanzo ilikuwa tabu, mtu anarudia maneno ambayo mwenzake hakuyatamka kabisa. Ndipo tukajua hatukuwa tunasikilizana.

Na msianze na la juzi. Chukueni Tume ya Nyalali ya 1991, iliyokusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. Je, ilikosea kutowafuata wengi? Hapo kauli ya chama haimsaidii mtu, itabidi afikiri mwenyewe.

Mtumishi Ihumwa:
Kuna wanaonyamaza kwa sababu nyingine. Mimi ni mtumishi wa umma, sitakiwi kuonyesha ushabiki wa chama kazini. Nikikaa na watu wa ofisi jirani, neno langu la Jumamosi linaweza kufika ofisini Jumatatu kabla yangu. Huyo mhasibu huenda ni hilo. Kubalianeni kwanza: lililosemwa lisitoke na jina la mtu.

Mjukuu wa Kondoa:
Mleta mada, wewe una kadi ya chama? Na nani anachagua wa kufungua mjadala?

Karanga za Area D:
Ninayo, na wanajua. Mfunguzi namchagua mimi. Swali lako limenifanya nifungue daftari letu: katika mada kumi za mwisho, saba zilifunguliwa na watu wa upande wangu. Sikukusudia, nilikuwa nawapa walio karibu nami. Na mwalimu alipoambiwa katumwa, nilinyamaza. Angekuwa wa kwetu ningemtetea.

Jumamosi hii tunasoma Nyalali. Nitamwomba mwalimu afungue. Kesho napita kwa mhasibu kumwomba radhi. Kurudi ataamua mwenyewe, na sababu zake sitamchimba.

Mtumishi Ihumwa:
Ya mwalimu yaseme mbele ya wote, maana aliaibishwa mbele ya wote.

Karanga za Area D:
Nitafanya hivyo, mkuu.

Mzee wa Kizota:
Mnaanza saa ngapi? Mwaka ule nilikuwa kati ya hao waliotaka chama kimoja, na sababu zangu hakuna aliyewahi kuniuliza.