Kabureta ya Weber kwenye Land Rover 109 haitulii sailensi

Raskazone109: Wakuu kwema? Nina Land Rover Series III 109 ya petroli, injini ile ya lita 2.25, nimetoa kabureta yake ya Zenith nikafunga Weber 34 ICH mpya. Mwendo uko poa tu, ila nikisimama sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka mpaka inazima. Skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa nazungusha ndani nje injini wala haisikii, nimekaza ile ya sailensi sana ndo angalau inabaki hai. Na juzi kupanda Lushoto moshi mweusi kama tanuri la chokaa. Nimeuziwa feki?

FundiPongwe: Usilaumu kabureta kwanza mkuu. Hiyo skrubu haisikii kwa sababu umekaza sailensi mpaka kipepeo (kile kilango cha hewa ndani ya kabureta) kimefunguka mno, injini sasa inanyonya mafuta kwenye vitundu vya juu, njia ya sailensi imebaki pambo. Jiulize kwa nini bila kukaza inazima. Ama moto uko nyuma (cheche za plagi zinachelewa), ama jeti ya sailensi, kile kitundu cha mafuta, ina uchafu, ama inavuta hewa pale kwenye adapta chini ya kabureta. Anza na moto: pengo la platinamu (swichi ya cheche ndani ya distribyuta) 0.4 mm, la tapeti za valvu 0.25, ndo uje taimingi, yaani wakati wa cheche. Halafu puliza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, mlio ukibadilika mchawi umempata. Fanya injini ikiwa bado baridi lakini!! menifoldi ya ekzosi, bomba la moshi wa moto, iko hapohapo chini, utachoma gari.

MzeeWaMuheza: Moshi wa Lushoto achana nao, kule ni kama mita 1,400 juu, hewa nyepesi na jeti inamwaga kwa kipimo cha pwani. Ukiseti kwa ajili ya kule, ukirudi Tanga itakosa mafuta. Mie lakini ningebaki na Zenith, mfuniko ukipinda unausugua na msasa juu ya kioo, unaweka oringi mpya, kwisha. Vijana mna haraka ya kununua.

Raskazone109: Shkamoo mzee, Zenith ipo sijaitupa 😂 Fundi umelenga, nimepuliza pale adapta mlio ukabadilika, kufungua gasketi imechanika kwenye boliti. Nikishaweka mpya naanzia wapi?

FundiPongwe: Ile ya mchanganyiko funga taratibu mpaka igote, usilazimishe utaharibu kiti chake, rudisha raundi mbili. Ya sailensi ilegeze, iguse tu. Washa ipate moto, cheza na mchanganyiko mpaka mlio uwe juu kabisa, shusha sailensi, rudia tena. Ikigoma bado toa jeti ya sailensi uipulize na upepo, usichokonoe na waya.