Mkataba wa miezi minane wa kusimamia saiti ya Kibaha nikiwa Morogoro: nikubali kwa masharti gani?

Fundi Sanifu wa Moro

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi mwenye uzoefu wa miaka tisa, na makazi yangu ni Morogoro. Kampuni moja ya ukandarasi imeniletea rasimu ya mkataba wa miezi minane wa kusimamia saiti ya jengo la ofisi la ghorofa mbili huko Kibaha. Nitatakiwa kufika saiti Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine nitasimamia kutoka nyumbani kwa simu, picha na vikao vya video na foromani. Malipo yatatolewa kwa hatua nne, kuanzia msingi hadi kupaua.

Yapo mambo mawili yanayonisumbua. Rasimu inaniita "mtoa huduma", lakini wakati huohuo inanikataza kuchukua kazi nyingine na inanipangia saa za kuwa hewani. Pili, inasema nitawajibika kwa ubora wa kazi zote za saiti, bila kueleza nina mamlaka gani siku ambazo sipo. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi kwa utaratibu huu.

Mama Rasilimali Watu

Mkuu, nimeandaa mikataba ya wasimamizi wa saiti kwa muda mrefu, nami nakushauri usihangaike sana na jina uliloitwa, kwa sababu sheria hutazama uhusiano wenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikitimia hata sifa moja kati ya zilizoorodheshwa humo, mojawapo ikiwa ni kupangiwa saa za kazi, nyingine kumfanyia kazi mtu mmoja tu, na nyingine kufanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa maelezo yako, sifa hizo unazo zaidi ya moja.

Kwa nini basi wanakuita mtoa huduma? Kanuni za kazi za mwaka 2017 ziliweka kwamba mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi usipungue miezi 12, na wa kwako ni wa miezi minane. Njia iliyo wazi zaidi ni mkataba wa kazi maalumu, unaotaja jengo hilo na hatua ambayo kazi itahesabiwa kuwa imekwisha.

Tofauti utaiona mfukoni. Mtoa huduma mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na hachangiwi chochote, ilhali mwajiriwa huchangiwa NSSF, ambako jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri wake humchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hilo la mwisho vijana hulipuuza hadi siku mtu anapoteleza kwenye jukwaa la mbao na kuvunjika nyonga.

Kuhusu malipo ya hatua, yakatae kwa upole. Mwenye jengo akiishiwa fedha msingi ukiwa nusu, wewe utakuwa umepanda mabasi miezi miwili kwa kazi ambayo "haijafika hatua". Omba malipo ya kila mwezi na notisi ya siku 28, ambayo ndiyo ya kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi. Nauli na bando viandikwe pembeni, visifichwe ndani ya mshahara.

Mzee wa Karai

Ndugu yangu, hapo juu umeshauriwa vizuri kuhusu fedha. Mimi nataka kuzungumzia lile neno "nitawajibika", kwa kuwa liliwahi kunigharimu.

Nilikuwa nasimamia hosteli ya ghorofa moja kwa mtindo huohuo wa siku mbili kwa wiki. Asubuhi ya kumwaga zege la jamvi, yaani sakafu ya ghorofa, saa tatu, foromani alinitumia picha za kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta. Nondo za juu zilikuwa zimekaa sawasawa juu ya viti vyake, yaani vipande vya kuziinua, zimefungwa vizuri kwa waya, hata mimi nilizisifu, kisha nikaruhusu kazi ianze. Picha zile zilikuwa za kweli. Ila vijana wa karai walipita juu ya nondo hizo hadi saa nane mchana, viti vikalala, na nondo zikashuka hadi katikati ya unene wa jamvi bila mtu yeyote kuziinua. Kwenye kibaraza cha namna ile mvutano uko upande wa juu, kwa hiyo nondo iliyoshuka ni karibu sawa na nondo ambayo haikuwekwa. Mbao zilipotolewa tuliona ufa unaofuata ukuta mwanzo hadi mwisho, unaoweza kupitisha ukucha. Tulivunja kibaraza chote, na gharama ilikatwa kwenye malipo yangu ya mwisho, kwa kuwa mkataba ulisema ninawajibika kwa kazi zote.

Kwa hiyo taka kipengele kinachosema kwamba hakuna kazi itakayofunikwa kabla hujaikagua kwa macho yako ukiwa saiti: mitaro ya msingi, nondo za nguzo, za mihimili na za jamvi. Wakupe taarifa saa 48 kabla, na siku ya zege uwepo mwanzo hadi mwisho, hata ikiwa ni Jumatano. Uwe pia na haki ya kusimamisha zege kwa maandishi, na wakiendelea bila idhini yako, wajibu uwe wao.

Mkadiriaji

Namheshimu Mzee wa Karai, lakini asikuogopeshe na kazi yote ya mbali. Ratiba, oda za vifaa, mahesabu ya malipo ya mafundi na daftari la stoo naviangalia nikiwa mezani, tena kwa utulivu kuliko saiti penye kelele. Chukua jamvi la meta 10 kwa 8 lenye unene wa sentimeta 15: hizo ni meta za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji takriban mifuko 6 hadi 7 ya saruji ya kilo 50 kwa kila meta ya ujazo, yaani mifuko 72 hadi 84. Daftari likionyesha 55, zege ni dhaifu. Likionyesha 110, kuna mifuko imetoka getini usiku. Hilo halihitaji nauli.

Picha usizipokee peke yake. Dai video ya moja kwa moja yenye futi iliyowekwa juu ya nondo, na kila asubuhi kwa siku saba za mwanzo uone jamvi likimwagiliwa. Uliza pia jina la nani litaandikwa kwenye bango la mradi. Tangu jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, sioni namna mtu anaweza kukubali jina lake likae pale huku yeye akiwa saiti siku mbili tu.

Fundi Sanifu wa Moro

Nashukuru sana, wakuu. Nimewarudishia rasimu leo asubuhi. Malipo ya mwezi wameyakubali, nauli wameikubali, na mkataba utakuwa wa kazi maalumu. Kuhusu haki ya kusimamisha zege wamejibu kwamba "tutaelewana tukiwa saiti". Nimewaomba waiandike, na hadi hapo sitasaini.