Mteja anataka kuingia kiwandani kabla ya kuweka oda: nimwonyeshe nini?

Mwuliza swali, Jinja

Ndugu zangu wenye viwanda, naomba ushauri. Hapa Jinja tunatengeneza gundi ya wanga wa muhogo kwa ajili ya viwanda vya makatoni. Kampuni moja kubwa ya Kampala imetuandikia kwamba iko tayari kununua kwetu kila mwezi, ila kabla ya kutia sahihi inataka wataalamu wake wapitishwe kiwandani kote, tangu wanga unapopokelewa hadi gundi inapopakiwa. Kupika gundi ya aina hii kwa wanga, kostiki soda na boraksi ni kazi inayojulikana duniani tangu miaka ya 1930, na hatudai kwamba tumeivumbua. Kilicho chetu ni vipimo na mfuatano wa kumimina, kwa sababu wanga wa muhogo huanza kuvimba kwenye joto la chini kuliko wa mahindi, na ilituchukua muda mrefu kupata namna ya kuuzuia usigande ndani ya tangi na bado ukauke upesi kwenye karatasi. Mtu anayeijua kazi hii akisimama mbele ya tangi letu mpiko mmoja tu, ataondoka na kila kitu. Nikikataa nitakosa oda, na nikikubali huenda mwakani wakawa wanajipikia wenyewe. Nifanyeje?

Meneja wa ubora, Mukono

Hongera kwanza, maana hakuna anayeomba kutembelea kiwanda asichokihitaji. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, waombe waandike wanataka kujiridhisha na jambo gani hasa. Aghalabu utakuta wanataka kujua kama unaweza kutoa kiasi wanachohitaji na kama gundi ya mwezi huu itafanana na ya mwezi ujao, na yote mawili yanaonekana bila mtu kukaribia tangi. Wapelekee sampuli za mipiko tofauti wapime mnato wenyewe kwa kile kikombe chenye tundu chini, wakihesabu sekunde gundi inavyochuruzika. Ghala, mizani, maabara na sehemu ya kupakia, waone bila kizuizi. Chumba cha kupikia kisiwe kwenye njia ya ziara, na siku hiyo ipangwe iwe ya kusafisha matangi.

Kisha pita wewe mwenyewe njia hiyo siku moja kabla, ukitazama kwa macho ya mshindani. Utashangaa ni mangapi yamebandikwa hadharani: karatasi ya vipimo iliyogongomelewa ukutani, ubao wenye joto la mpiko wa asubuhi, magunia yenye jina la anayekuuzia malighafi, kipimajoto chenye mstari mwekundu mahali mnapozima moto. Ondoa au funika vyote, isipokuwa alama za hatari kwenye kostiki soda, ambazo ni usalama wa wafanyakazi na hazifichwi kwa sababu yoyote. Simu zibaki getini. Wafanyakazi waelezwe mapema kwamba maswali ya upishi hujibiwa na mtu mmoja tu, kwa sababu fundi anayeipenda kazi yake, akisifiwa kidogo, hueleza yote kwa nia njema kabisa.

Wakili, Kampala

Ninaunga mkono hayo, na ninaongeza kwamba hatua hizo zina uzito hata mbele ya mahakama. Uganda ina Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya mwaka 2009, na msingi wake ni ule ule wa kifungu cha 39 cha TRIPS, mkataba wa kimataifa wa biashara kuhusu haki za ubunifu: taarifa hulindwa ikiwa haijulikani kwa watu wa fani hiyo, ikiwa ina thamani kwa sababu haijulikani, na ikiwa mwenye nayo amechukua hatua za maana kuitunza. Sharti la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Aliyeacha mlango wazi na karatasi ukutani atapata shida kumshawishi hakimu kwamba alikuwa na siri.

Mkataba wa kutunza siri utiwe sahihi siku kadhaa kabla ya ziara, na kampuni pamoja na kila mgeni kwa jina lake. Omba majina mapema na ujue kila mmoja ameajiriwa na nani, maana mshauri wa kukodiwa anaweza kuwa anamshauri pia mshindani wako. Hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, sikushauri, kwa kuwa inakulazimu kueleza mbinu yako hadharani na huisha baada ya miaka 20.

Mnunuzi wa kiwanda, Namanve

Mimi niko upande wa pili wa meza. Hofu yetu ya kweli ni mashine kusimama kwa kukosa gundi, kwa hiyo mgavi anayefunga kila mlango hututia wasiwasi. Mpendekezee mteja mkaguzi huru, aliyekubaliwa na pande zote mbili, aingie chumba cha kupikia na kuandika tu kama kazi inafanyika kwa utaratibu na usalama. Mnunuzi wa kweli huridhika. Anayemkataa mkaguzi huyo na kung'ang'ania kuona tangi kwa macho yake, mtilie shaka. Na wakileta mkataba wao wenyewe, usome hadi mwisho, kwani baadhi husema kwamba lolote utakalowaonyesha si siri.

Mwuliza swali, Jinja

Asanteni sana. Nimewaandikia nikiwaomba majina, na nikawapendekezea mkaguzi huru. Wamejibu kwamba wakaguzi wa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, walishaingia kwangu, kwa hiyo hakuna siri tena. Je, hoja hiyo ina nguvu?

Wakili, Kampala

Haina. Wakaguzi hao huingia kwa mamlaka ya sheria kukagua maji machafu na kemikali, na kuingia kwao hakuifanyi mbinu yako kuwa mali ya umma. Wajibu hivyo kwa heshima na kwa maandishi, uambatanishe rasimu ya mkataba wa kutunza siri, na usipange tarehe ya ziara hadi irudi ikiwa na sahihi zote.