Uzi kuhusu uzi: wauza nyuzi za kufungia pete za fimbo, lebo zenu zimetuchosha

Mwanzisha uzi

Wakuu, imetosha. Unaagiza rola ya uzi wa kufungia pete za fimbo ya kuvulia (vile viduara ambamo mshipi hupita), inafika na kikaratasi kimeandikwa "uzi maalumu wa fimbo, ubora wa juu". Basi. Unene haujatajwa. Ni nailoni au poliesta, haijulikani. Kama rangi itabaki ilivyo baada ya kupaka epoksi, ile gundi ya kioo inayoganda juu ya uzi, au itageuka, hiyo ni siri ya muuzaji. Ukimuuliza anakujibu "unafaa fimbo zote, bosi". Hakuna uzi unaofaa fimbo zote. Anayesema hivyo ama hajawahi kufunga hata pete moja, ama anajua na anakufanya mjinga.

Unene kwanza, maana hapo ndipo utapeli ulipojenga nyumba. Nyuzi za fimbo hutajwa kwa herufi. A ndio mwembamba unaotumika zaidi, halafu unapanda kuelekea D, E na EE. Herufi ikisogea mbele, uzi unanenepa. Nyuzi za cherehani hutajwa kwa namba za tiketi ambazo zinakwenda kinyume: 120 ni mwembamba, 40 ni mnene. Ipo pia denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, na teksi, gramu za mita 1,000. Mifumo minne, na kila mmoja una maana yake. Sasa mtu anachukua koni kubwa ya fundi cherehani, anaigawa kwenye rola ndogo ndogo, anabandika "A" kwa kukisia kwa macho, halafu bei inapanda mara kadhaa kwa sababu ya neno "fimbo".

Kumkamata ni rahisi. A halisi una kipenyo cha takriban milimita 0.15, D takriban milimita 0.25. Chukua kalamu ya risasi, zungushia uzi mizunguko 50 iliyobanana bila kupandana, kisha weka rula. A utachukua milimita 7 hadi 8. D utachukua 12 hadi 13. Ukipata milimita 10 kwenye rola iliyoandikwa A, ujue umeuziwa chotara.

Na msiniambie tofauti ni ndogo. Uzi mnene kwenye ufito (mwili wa fimbo) mwembamba wa kaboni unaongeza uzito mara mbili: uzito wake wenyewe, na wa epoksi inayohitajika kujaza mabonde kati ya mizunguko. Uzito huo ukikaa karibu na ncha, fimbo inalegea na kuchelewa kurudi. Isitoshe, uzi mnene ukipanda mguu wa pete, yaani kile chuma kinacholazwa juu ya ufito na kufungwa, unaacha uwazi mkubwa pembeni ya mguu, kama handaki. Hewa inajificha humo, epoksi inapopata joto hewa inatoka, na asubuhi unakuta mapovu yameganda. A unatosha fimbo nyepesi na za kati. D uacheni kwa fimbo nzito za baharini, zenye pete kubwa za miguu miwili, ambako uzi unagongwa na kusuguliwa kila siku.

Jambo la pili ndilo linaloniudhi kuliko yote: rangi. Nailoni ya kawaida, ile inayong'aa vizuri kwenye rola, inanyonya epoksi na kuwa kama kioo. Nyekundu inakuwa kahawia, njano inafifia, bluu ya angani inageuka karibu nyeusi juu ya ufito mweusi. Nyeupe inatoweka kabisa, unabaki unatazama chuma cha mguu wa pete. Ukitaka rangi ibaki, ama upake dawa ya kulinda rangi kabla ya epoksi, ama ununue uzi ambao umeshashughulikiwa kiwandani, ule unaoandikwa NCP ("no color preserver", yaani hauhitaji dawa ya rangi). Huo ni mkavu kidogo mkononi na haung'ai sana, lakini rangi unayoiona ndiyo utakayoipata. Hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa! Herufi tatu tu zingeokoa kazi ya siku nzima, na bado muuzaji haziandiki. Wengine wanaziandika kwenye rola zisizostahili, jambo ambalo ni baya zaidi.

Na wale wanaosema "si upake dawa tu ya rangi, mambo yaishe", dawa ina masharti yake. Tabaka la kwanza lazima liloweshe uzi wote, mpaka chini ya mguu wa pete, kisha unafyonza inayozidi kwa brashi kavu. Unaacha siku nzima. Unapaka la pili. Unaacha tena. Sehemu iliyorukwa itatokea doa jeusi mara tu epoksi ikigusa, na doa hilo halifutiki, dawa yake ni wembe na kuanza upya. Ukiharakisha dawa ikiwa mbichi, epoksi inakuwa na ukungu wa maziwa. Zaidi ya hapo, dawa inazuia epoksi kufika kwenye ufito, kwa hiyo kinachoshika pete ni uzi peke yake. Kwenye fimbo ya kupambana na samaki mzito, pete inaweza kuanza kucheza ndani ya kifungo chake.

Muuzaji anayeficha aina ya uzi anamwachia mnunuzi mzigo wote huo.

Ncha_Laini

Mkuu punguza munkari. Uzi wowote wa nailoni unashika. Epoksi ndiyo inayofanya kazi, uzi ni urembo. Watu wanafungia uzi wa viatu na wanavua.

Mwanzisha uzi

Huu ndio ushauri unaowalisha matapeli, kwa hiyo ngoja niuvunje vipande.

Epoksi haishiki pete kwa nguvu yake. Inafunga uzi usisogee, na uzi uliokazwa ndio unaobana mguu. Nailoni inavutika kidogo na kurudi, ndiyo maana inaendelea kubana fimbo inapopinda. Uzi wa pamba hauna tabia hiyo. Poliesta inavutika kidogo kuliko nailoni lakini inavumilia jua vizuri zaidi, na inafaa ikiwa ni ya nyuzi ndefu zisizokatika. Ile ya kushonea nguo, iliyosokotwa kutokana na vipande vifupi, ina manyoya. Kila unywele unasimama ndani ya epoksi kama ndevu za mbuzi, na hata ukiichoma kwa moto yanabaki.

Uzi wa viatu na wa viti vya gari mara nyingi umepakwa gundi ya kiwandani ili usifumuke. Hauwezi kulala bapa, unabaki duara kama waya, epoksi haiingii ndani. Na nyuzi nyingi za cherehani zimepakwa nta au silikoni ili zipite kwenye sindano bila kupata joto. Silikoni na epoksi ni paka na panya: epoksi inakimbia, inaacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Halafu fundi analaumu epoksi.

Tupa_na_Wembe

Namuunga mkono mwanzisha uzi, ila niongeze upande ambao wanunuzi wenyewe wanakosea halafu wanasingizia uzi.

Miguu ya pete inatoka kiwandani ikiwa butu. Usipoipiga tupa hadi ncha iwe nyembamba kama ukucha, uzi wowote utaruka unapopanda na kuacha pengo. Inoe kwa juu na pembeni, kisha sugua upande wa chini kwa msasa laini. Kikwaruzo kidogo kinachobaki chini kinachimba kaboni, na fimbo itavunjika hapo hapo siku ya mzigo.

Mkazo nao. Watu wanakaza uzi kama wanafunga mzigo kwenye baiskeli. Kipimo ni hiki: baada ya kufunga, kabla ya epoksi, pete iwe inasogea kushoto au kulia ukiisukuma kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani. Isiposogea, umezidisha, na hutaweza kuinyoosha pete ilingane na wenzake. Ikisogea kwa kuguswa tu, umelegeza.

Kuanza, laza ncha ya uzi juu ya ufito, ipande kwa mizunguko sita hadi minane, kisha kata ncha. Anzia milimita 3 au 4 kabla ya mguu. Ikibaki mizunguko kama minane kumaliza, ingiza kitanzi cha uzi imara, endelea kuzungusha juu yake, kata uzi, pitisha ncha kwenye kitanzi, vuta. Hapa ndipo uzi mbovu unapojitambulisha: unakatika ukiwa umefika nusu, au unafumuka nyuzi nyuzi. Nailoni nzuri unaivuta bila wasiwasi.

Mianya midogo sugua kwa kitu laini cha mviringo, hata mgongo wa kijiko cha plastiki. Manyoya yaliyobaki pitisha moto haraka, ukitumia sehemu ya bluu, kwa sababu ile ya njano inaacha masizi.

Pete_Tisa

Mbona hakuna anayegusa nyuzi za kumetameta? Huko ndiko kuna kilio.

Tupa_na_Wembe

Uzi wa kumetameta ni kiini cha nailoni au poliesta kilichovishwa utepe mwembamba wa plastiki yenye rangi ya metali. Hauhitaji dawa ya rangi, lakini utepe huo unachubuka ukikwaruzwa na mguu wa pete, na ukishachubuka unaona weupe wa kiini. Usiufungie pete. Uweke kama mstari wa mapambo kwenye kingo za kifungo, mizunguko mitatu hadi sita, na mkazo mdogo. Usivute kutoka juu ya rola iliyosimama, maana kila duara linaongeza msokoto na uzi unajinyonga. Rola izunguke yenyewe kwenye kijiti. Moto usiusogeze kabisa.

Mwanzisha uzi

Na hapo pia lebo inasema "uzi wa dhahabu". Dhahabu!

Kuna wizi wa urefu pia. Rola inaandikwa mita 100, ukiipima ina 70. Mnaosema "nani atajua", tutajua, hesabu ni nyepesi. Ufito wenye kipenyo cha milimita 10 una mzingo wa milimita 31. Kifungo cha milimita 25 kwa uzi A ni mizunguko kama 167, yaani mita 5.2 kwa mguu mmoja. Pete ya miguu miwili inakula mita kumi na nusu. Karibu na ncha, ufito wa milimita 2.5 na kifungo cha milimita 12, haifiki hata mita moja. Fimbo ya kawaida ya pete tisa inaisha chini ya mita 50 kama huweki tabaka la uzi chini ya pete. Ukiweka tabaka la chini, kadiria mara mbili na ushee. Kwa hiyo mita 100 zikiishia katikati ya fimbo moja nyepesi, hesabu haidanganyi.

Rola ya pili ukiinunua baadaye, rangi "ile ile" inakuja tofauti, kwa sababu kila mkupuo wa kutia rangi hutoka kivyake. Namba ya mkupuo haiandikwi, ingawa ingechukua nafasi ya punje ya mchele.

Pete_Tisa

Basi kwa rola ambazo tayari tumeshaziingia mkenge tufanyeje, tutupe?

Mwanzisha uzi

Usitupe. Tafuta kipande cha ufito uliovunjika, chenye rangi sawa na fimbo yako. Funga vipande vitatu vya sentimita moja moja: kimoja uache mtupu, kimoja upake dawa ya rangi mara mbili, cha tatu usafishe kwa spiriti kwanza na uache kikauke. Pima sehemu mbili za epoksi, resini na kigumishi, kwa kiasi sawa kwa sirinji mbili tofauti, mililita 2 kila moja, usikadirie kwa macho. Changanya taratibu dakika mbili au tatu, paka vyote vitatu na uvizungushe mpaka epoksi isitiririke tena.

Kesho yake vitazame kwenye mwanga wa jua. Cha kwanza kikiwa na rangi ile ile ya kwenye rola, una NCP. Kikigeuka giza, ni nailoni ya kawaida, itumie na dawa ya rangi. Vishimo vikitokea kwenye cha kwanza na kukosekana kwenye cha tatu, uzi una silikoni au mafuta, huo mpe fundi cherehani. Matokeo yoyote, yaandike kwa kalamu ya wino kwenye rola yenyewe, kwa vile muuzaji hakuona haja ya kuandika.