Naomba ushauri: nauza kofia za mkono mtandaoni, wateja wake nawapataje?

Habari zenu wakuu. Niko Unguja, nauza kofia za kutunga, zile zinazoshonwa kwa sindano na uzi, kitobo kimoja kimoja. Mama anayeshona huenda akakaa na kofia moja wiki kadhaa, hivyo bei yake haiwezi kulingana na za mashine.

Shida yangu ni soko. Nikipandisha picha Instagram napata likes za kutosha, ila wanaokuja inbox huuliza "bei gani?", wakijibiwa kimya. Nilijaribu tangazo la kulipia, nikachagua Dar es Salaam yote, likaniletea watu wanaotaka kofia za jumla za bei ya chini. Hao si wangu, na wala siwalaumu.

Wateja wangu nawajua: bwana harusi, wazee wanaojua kutazama mshono, na ndugu zetu walioko Muscat na Uingereza. Tena hawa wa nje hawabishani bei. Wanachouliza ni kipimo cha kichwa na mzigo utafika lini.

Sasa, tangazo nililenge Oman moja kwa moja, au nipitie mafundi wa kanzu na wapambaji wa harusi kwa kuwapa kamisheni? Na aliyewahi kuuza kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa nje, mnaingiaje bila kuonekana mnawasumbua watu? Maulidi nayo inakaribia, nisingependa inipite.