Riwaya kuhusu Wadalit: tuanze na ipi?

Msomaji_Ngara: Wadau, kundi letu la kusoma hapa Ngara linatafuta riwaya ya maisha ya Wadalit wa India, watu wa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, waliotengwa kwa madai kwamba kuwagusa ni unajisi. Iwe fupi, na mateso yasiwe ya jumla jumla.

KaraniWaVitabu: Untouchable ya Mulk Raj Anand, 1935. Ni siku moja tu ya Bakha, kijana msafisha vyoo. Akipita njiani lazima apaze sauti kuwaonya watu. Akinunua jalebi, kitamu cha sukari, muuzaji anamtupia, naye anaweka sarafu juu ya ubao ili msaidizi wa muuzaji azirushie maji. Dada yake Sohini haruhusiwi kuteka maji kisimani. Anangoja mtu wa tabaka la juu amjazie chungu. Wengi husoma wakidhani shida ni umaskini. Bakha pesa anayo. Mkono wake ndio unaokataliwa.

MamaZawadi: Kweli, ila Anand hakuwa Mdalit, na Bakha wakati mwingine anawaza kama msomi wa London. Ongezeni Sangati ya Bama, Mdalit anayeandika Kitamil. Wanawake wake wanalipwa chini ya wanaume shambani, jioni wanapigwa nyumbani.

Otis_Mlolongo: Mkiwa na subira, A Fine Balance ya Rohinton Mistry, japo ni tofali. Watoto wa fundi ngozi wanapelekwa kujifunza ushonaji, jambo linalowaudhi wenye mashamba. Baadaye Narayan, mmoja wa watoto hao, anauawa kwa kudai kupiga kura yake mwenyewe, ilhali katiba ya 1950 ilishapiga marufuku utengwaji wa Wadalit.